Mgosi: neno la uanaume na majina ya watu Tanga. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgeni akishuka basi pale Kange, stendi kuu ya Tanga, hakai sana kabla hajalisikia: "Mgosi, unaelekea wapi?" Neno hili limepewa timu ya mpira, likapewa kundi la muziki, limo katika majina ya watu, na wazazi wanaotafuta jina la mtoto wa kiume hawaachi kuliulizia. Maswali yanayorudi kila mara nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa jinsi tunavyolitumia neno hili Tanga mjini, Muheza, Korogwe na huko milimani Usambara. Maneno mengine ya uanaume, ya Kiswahili na ya kigeni, nimeyagusa pale yanapoingia kwenye majina.

Mgosi maana yake nini?

Ni mwanamume. Wabondei na Wazigua husema mgosi, na wakiwa wengi wagosi. Mwanamke anayezungumza Kibondei akisema mgosi wake, anamtaja mumewe, kama vile Kiswahili kilivyo na mume na mwanamume kutoka shina moja. Upande wa pili yupo mvyele, mwanamke, neno linalokwenda na kuzaa. Waswahili wa zamani nao walisema kuvyaa kwa maana ya kuzaa, na hadi leo tunaye mavyaa, mama mkwe.

Lakini ukiishia hapo utakuwa umelijua nusu. Neno hili likitamkwa Tanga hubeba uzito wa mtu anayetegemewa. Msiba ukitokea, wanaotafutwa wachimbe kaburi, wabebe jeneza na wakeshe na wafiwa ni wagosi. Kijana aliyekimbia deni au aliyemtelekeza mkewe na watoto anaweza kuwa na ndevu hadi kifuani, na bado wazee wakauliza kwa uchungu, "Huyu naye ni mgosi?" Hawaulizi jinsia yake. Wanauliza kama kuna nyumba inayoweza kumwegemea.

Mbona wengine wanaandika mgoshi?

Wasambaa ndivyo wanavyotamka: mgoshi, wagoshi. Wabondei na Wazigua wana s pale Wasambaa walipo na sh. Hakuna aliyekosea. Lugha hizi tatu ni za ukoo mmoja na wasemaji wake husikilizana kwa sehemu kubwa bila mkalimani. Kiswahili cha mjini kimechukua umbo lenye s, labda kwa sababu Bonde, nchi ya Wabondei, iko karibu zaidi na mji, na ndilo umbo linaloandikwa magazetini. Mtoto wa Lushoto akiandikwa Mgoshi, tafadhali msimsahihishe.

Wagosi wa Kaya ni akina nani?

Kwanza ni Coastal Union, klabu ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo uwanja wake wa nyumbani ni Mkwakwani. Mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na wazee wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, wanausimulia mwaka huo hadi leo kwa majina ya wachezaji na nafasi walizocheza. Jina la Wagosi wa Kaya limeigandama timu kiasi kwamba mtangazaji wa redio anaweza kulitumia dakika tisini nzima bila kutaja Coastal hata mara moja, na kila msikilizaji akajua nani ana mpira.

Halafu ni kundi la muziki la Mkoloni na Dokta John, lililovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo zilizosema wazi kero za wananchi. Wao ndio waliolipeleka neno hili Mwanza, Mbeya na Songea, kwa watu ambao hawajawahi kufika Mkwakwani. Ndiyo maana leo mtu wa Tanga popote nchini huitwa mgosi, awe Mbondei, Mdigo, Msegeju au mtoto wa Kiarabu wa Pangani.

Kaya ni nyumbani, mji wa watu wa ukoo, mahali unapotoka na utakaporudi. Kiswahili cha leo kimelibana neno hili likawa la takwimu, kaya moja, kaya mbili, lakini kwa Msambaa na Mbondei kaya ni kwao. Jirani zetu Wamijikenda wa Kenya wana misitu yao mitakatifu iitwayo kaya, palipokuwa na makazi ya wahenga wao, na baadhi ya misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Kwa hiyo wagosi wa kaya ni wanaume wa nyumbani, wanaume wenye kwao. Wangeweza kujiita simba au radi kama timu nyingine. Kwangu mimi ni jina zuri kuliko yote ya klabu za nchi hii, kwa sababu linamtaja mwanamume pamoja na mahali anapowajibika.

Mwanamke anayeishangilia Coastal naye ni mgosi?

Ndiyo, na hakuna anayeshangaa. Jukwaani neno limeshakuwa la mji mzima.

Kiswahili chenyewe kina neno gani?

Kina shina -ume, na ni la kale sana. Washona wa Zimbabwe wanasema murume kwa mwanamume, Wabemba wa Zambia umulume kwa mume. Kwetu ile konsonanti ya kati imemezwa, likabaki mume. Imerudi tu katika dume, na ndiyo maana mtu hushangaa kuona d hapo ambayo haimo katika mume.

Kutoka shina hilo tumepata mwanamume, kiume, kuumeni (upande wa baba katika ukoo) na mkono wa kuume. Huu mkono wa kuume ni mkono wa kulia. Wakristo wanaujua kutoka katika Biblia, na wazee wa pwani bado wanautumia wanapomwelekeza mtu njia. Vijana wanasema kulia, mkono wa kulia chakula. Maana zote mbili zimo katika malezi yetu, lakini lile la kale linasahaulika.

Dume ni la mnyama kwanza: kondoo dume, paka dume. Limekwenda hadi kwenye miti, ambako mpapai dume ni ule unaotoa maua bila kuzaa, na kwa mafundi bomba na umeme, ambako kipande kinachoingia ni dume na kinachoingiliwa ni jike. Kwa mtu, dume ni sifa inayotegemea mdomo unaoitoa. Rafiki akikuambia "wewe dume" baada ya kazi ngumu amekusifu. Akisema "dume zima linalia" amekutukana pamoja na machozi yako. Sijapata kusikia mzazi aliyemwandikisha mtoto jina la Dume, na ningemsihi asifanye hivyo, kwa sababu mtoto huyo ataishi na maana ya mnyama darasani kabla hajafikia ile ya sifa.

Kwa nini watu wanakwepa kusema uume?

Kwa sababu katika mazungumzo ya leo uume ni kiungo cha mwili. Zamani neno lilibeba pia hali ya kuwa mwanamume, na kamusi bado zinalitolea maana zote mbili, lakini ukilisema hadharani watu watasikia ile moja. Anayetaka kuzungumzia hali na sifa aseme uanaume.

Urijali nao umepatwa na jambo kama hilo. Rijali limetoka katika Kiarabu, ambako rijal ni wanaume, wingi wa rajul. Katika Kiswahili rijali ni mwanamume kamili, na ilikuwa sifa ya heshima. Sasa tembea kutoka sokoni Ngamiani hadi stendi uhesabu mabango ya dawa za nguvu za kiume. Neno limeburutwa huko. Inanisikitisha, kwa sababu kijana anayekua akilisoma kwenye mabango hayo anafundishwa kwamba uanaume wote unaishia kitandani. Mtoto anayeitwa Rijali leo atachekwa shuleni na wala hatakuwa na kosa lolote.

Kuna neno la uanaume lililobaki safi?

Lipo, na wengi hawajui kama ni la uanaume: murua. Asili yake ni muruwa ya Kiarabu, iliyotokana na mar', yaani mtu mwanamume. Kwa Waarabu wa kale muruwa ilikuwa jumla ya sifa za mwanamume anayeheshimika: ukarimu kwa mgeni, subira katika shida, kutunza ahadi, ushujaa, kumlinda asiye na mtetezi. Neno lilipofika pwani yetu likapoteza jinsia likabakiza sifa. Ndiyo maana mtoto mwenye murua anaweza kuwa wa kike au wa kiume, na chai ikiwekwa iliki ikakolea tunasema imekuwa murua.

Nikiulizwa neno lipi lingetufaa kuwafundishia watoto wa kiume, nataja hili. Muruwa ya wale wahenga haikuwa na kupiga mke wala kunyamazisha watoto. Ilikuwa na mgeni aliyekuja usiku akala akashiba.

Je, Mgosi ni jina la kuandikishwa au ni la utani?

Yote mawili. Mara nyingi huanza kama jina la utani. Mama humwita mtoto wake wa miaka miwili "mgosi wangu" wakati anamvisha kanzu, na likimnasa linamfuata hadi shule, hadi kazini. Mfano unaojulikana na kila mpenzi wa mpira ni Mussa Hassan Mgosi, mshambuliaji wa Simba na Taifa Stars, ambaye baadaye aliifundisha Simba Queens. Wapo watu wazima ambao majirani zao hawalijui jina lao lingine.

Likiandikishwa, kwa kawaida hukaa nafasi ya tatu, kwa kuwa lilikuwa la babu. Kama jina la kwanza ni nadra. Familia za Kiislamu za hapa humpa mtoto jina siku ya saba, akika ikichinjwa, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na jina linalotajwa siku hiyo ni Hamisi, Abdallah, Yusufu na mengine ya aina hiyo. Familia za Kikristo zinalo la ubatizo. Jina la kienyeji linakuja pembeni, la nyumbani, na mara nyingi ndilo analoitika mtu akiwa usingizini.

Na hizi She- na Se- katika majina ya Wasambaa na Wazigua?

Swali hili huja kwa wingi, na lina haki, maana majina yetu yanatambulika nchi nzima kwa silabi hiyo moja. Kila Mtanzania amesikia Barabara ya Shekilango jijini Dar es Salaam, au amewasoma wabunge wa zamani wa milimani kama William Shelukindo na Henry Shekiffu. Nyuma zaidi kuna Shebuge na Semboja, watu wa ukoo wa kifalme wa Wakilindi, waliowatawala Wasambaa. Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyejiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara, baada ya baba yake kufariki katika miaka ya 1860.

Wasambaa husikia katika She- neno ishe, baba yake. Kwa hiyo majina haya yanamtaja mwanamume kwa ubaba: baba wa fulani, baba wa jambo fulani. Hapa pananigusa zaidi. Jina halisemi ana misuli wala ana mapanga. Linamtambulisha kwa mtoto anayemlea au kwa kitu anachokisimamia. Ukiyaweka She- na mgosi wa kaya pamoja, unaona watu walewale wakisema jambo lilelile kwa njia mbili.

Pwani ya Waswahili inayo desturi yake. Wanawake wanaitwa kwa Mwana-: Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanajuma. Wanaume wa zamani walibeba Bwana. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889 wakati Abushiri bin Salim akiongoza vita kutoka Pangani, jina lake limejengwa hivyo. Siku hizi Mwana- imebaki hai, ilhali Bwana imekuwa neno la heshima tu, na hapewi mtoto.

Majina ya kidini yapo yenye maana ya uanaume?

Yapo, na wazazi wengi wanayatumia bila kujua. Andrea limetoka katika Kigiriki, ambako andreios ni wa kiume, jasiri. Gabrieli, ambaye Waislamu wanamwita Jibrili, kwa Kiebrania linaunganisha mtu hodari na jina la Mungu. Abbas ni simba kwa Kiarabu, na hupewa watoto wa kiume kwa matarajio ya ushujaa.

Adamu watu hulidhania kuwa maana yake ni mwanamume. Katika Kiebrania adam ni binadamu. Kiswahili kimelihifadhi hilo vizuri sana: mwanadamu ni mtu yeyote, mke au mume.

Binti anaweza kuitwa Mgosi?

Kama babu yake aliitwa Mgosi, ndiyo, na hana la kuona haya. Utaratibu wa majina matatu tunaoutumia nchini humpa mtoto jina lake, la baba, na la babu. Kwa hiyo yupo mwalimu, nesi au hakimu mwanamke ambaye kwenye mlango wa ofisi yake pameandikwa Mgosi au Shekilindi. Wageni wanaosoma herufi kwa herufi huuliza imekuwaje mwanamke awe mwanaume. Jibu ni kwamba hilo ni la babu yake, amelibeba kama alivyolibeba kaka yake.

Akiolewa, ni hiari yake. Wengi wa Tanga hubaki na majina ya baba zao.

Ninaruhusiwa kumwita nani mgosi?

Rika lako, mdogo wako, kondakta, fundi, jirani mliyezoeana. Kati ya watu wa rika moja ni salamu tamu, "Vipi mgosi?" na mwenzako atakujibu kwa hilohilo.

Mkubwa wako usianze wewe kumwita hivyo. Mzee mwite mzee, baba, mjomba au babu, ukimkuta kibarazani mpe shikamoo kwanza. Yeye akikuita mgosi amekupandisha daraja, lakini hajakupa ruhusa ya kurudisha. Baba mkwe ndiyo kabisa: hata miaka ishirini ikipita, hawi mgosi wako.

Anayetoka nje ya Tanga asilitumie kwa lafudhi ya kuigiza. Tumezoea kutaniwa kwa jinsi tunavyovuta maneno, na kwa kawaida hatukasiriki. Ila neno likisemwa kwa dhihaka, kana kwamba mgosi ni mshamba aliyeteremka na gunia la maharage, linaumiza. Wapo vijana wetu walioficha kwao walipofika vyuoni kwa sababu ya hilo.

Kwa hiyo kila jina lenye -gosi ni la kwetu?

Hapana, na hapa watu huteleza sana. Kigosi ya magharibi mwa nchi ni jina la mto na hifadhi, na haina sababu ya kuunganishwa na Tanga kwa sababu ya sauti tu. Kabla hujalitafsiri jina, uliza mwenye nalo anatoka wapi na nani alimpa. Maelezo ya bibi yake yana thamani kuliko ubunifu wako.

Mtu anakuwa mgosi lini?

Zamani jibu lilikuwa moja: jandoni. Mvulana alikaa porini na wenzake, ngariba akafanya kazi yake, wazee wakafundisha kwa nyimbo na mafumbo, na wengine walitoka na jina jipya. Leo watoto wengi hutahiriwa hospitali wakiwa wachanga, jambo jema kwa afya yao, lakini yale mafunzo hayakuhamia hospitalini pamoja na wembe. Baadhi ya familia huwakusanya vijana likizo ya Desemba kwa babu ili wafundishwe. Natamani tungefanya hivyo wengi zaidi, na yale ya kuchukuliana vizuri na wanawake yawe sehemu ya mafunzo.

Nikiandikisha jina la kienyeji, nizingatie nini?

Kwanza muda. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90, na cheti kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Amueni tahajia kabla hamjafika dirishani: Mgosi au Mgoshi, Shekilindi kwa neno moja bila mkato. Herufi iliyoandikwa kwenye cheti itafuatwa na shule, na NIDA wanaotoa vitambulisho vya taifa, na pasipoti, na kuirekebisha baadaye ni viapo na gharama. Jina la baba na la babu yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, hata kama mnaona yalikosewa. Kila mwaka kuna kijana anayesumbuliwa na mkopo wa chuo kwa sababu cheti chake kina sh na cha baba yake kina s.

Mimi ni Msukuma, nimeoa Muheza. Kwetu mwanamume ni ngosha. Mtoto aitwe Ngosha au Mgosi?

Hongera kwa mtoto. Umeshaona mwenyewe jinsi maneno haya mawili yanavyofanana, ngosha ya Kisukuma na mgoshi ya milimani, na maana ni ileile. Sisi na ninyi ni Wabantu, na tumetengana kwa umbali wa nchi nzima. Kama ningekuwa mjomba wa mtoto huyo ningeshauri cheti kifuate ukoo wako, maana kuumeni ndiko jina la tatu linakotoka. Huku Muheza bibi yake amwite Mgosi, na wala hatakuomba ruhusa. Akija likizo ataitika kwa yote mawili. Ila mpigie simu baba mkwe kabla jina halijatajwa kwa watu wengine, na usimwambie tu mmeamua. Muulize.